Malisho ya mzunguko Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila msimu: kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, mnadani, na kwa majirani wanaopita kuangalia uzio. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya hali za pekee. Nafuga ng'ombe chotara nje kidogo ya jiji la Tanga, kwa hiyo vipimo vingi ni vya ukanda wa pwani: Tanga, Muheza, Mkinga na Pangani. Aliye Handeni au Kilindi, kwenye mvua haba zaidi, aongeze siku za mapumziko na apunguze idadi ya ng'ombe kwa ekari.

## Mambo ya mwanzo

Malisho ya mzunguko ni nini hasa?

Ni kugawa eneo la malisho katika vitalu, kuwaingiza ng'ombe wote kwenye kitalu kimoja kwa siku chache, kisha kuwahamisha na kukiacha kitalu kile kipumzike mpaka majani yakue tena. Wengine huviita padoki.

Watu wengi hushika sehemu ya kuhamisha na kusahau ya kupumzisha. Nimeona shamba lenye vitalu sita vizuri, nguzo zimenyooka, lakini mwenyewe anarudi kitalu cha kwanza baada ya siku 12 kwa sababu "zamu yake imefika". Hapo ng'ombe wanazunguka kweli, ila majani hayajapumzika. Kinachokuza malisho ni zile siku ambazo hakuna mdomo unaoyagusa.

Kwa nini majani yanahitaji kupumzika? Si yanaota tu?

Jani ndilo jiko la mmea. Kwa jani, mmea unapika chakula chake kwa mwanga wa jua. Ng'ombe akilikata, mmea unaanza upya kwa kutumia majani machache yaliyobaki na akiba iliyoko kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina. Baada ya siku tatu hadi tano za mvua, machipukizi laini yanakuwa na urefu wa kutosha kung'atwa. Ng'ombe aliyeachwa palepale atayafuata hayo hayo, maana ndiyo matamu kuliko yote. Akiyakata mara ya pili na ya tatu, akiba inaisha, mizizi inakufa na kuwa mifupi, na kiangazi kikifika mmea hauna uwezo wa kufuata unyevu chini.

Majani mazuri yanapokufa nafasi yao haikai tupu. Yanakuja magugu, vichaka na nyasi zisizoliwa. Ukiona eneo la malisho lina mabaka yaliyonyolewa hadi udongo na pembeni yake vichuguu vya nyasi ngumu ambazo hakuna ng'ombe anayezigusa, ujue limelishwa kupita kiasi na limelishwa pungufu kwa wakati mmoja.

Nafugia bandani, nakata na kuleta. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, maana panga lako ndilo mdomo wa ng'ombe. Wafugaji wengi wa maziwa hapa Tanga wana eneo dogo na wanafugia bandani, na kosa ninaloliona mara nyingi ni kukata mabingobingo kila yanapofika magotini kwa sababu ng'ombe ana njaa. Gawa shamba lako la mabingobingo katika sehemu sita au nane, kata sehemu moja kwa wiki, na usirudi kabla ya wiki sita hadi nane. Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Na samadi irudishwe kwenye sehemu iliyokatwa wiki ile ile, kwa sababu tofauti na malishoni, bandani mbolea haijipeleki yenyewe.

Nikizungusha naweza kuongeza ng'ombe mara mbili?

Hapana, na anayekuambia hivyo anakuingiza hasarani. Kitu cha kwanza ni idadi ya ng'ombe ukilinganisha na majani uliyonayo. Majaribio mengi ya kisayansi, hasa kwenye nyanda kavu, yamelinganisha kuzungusha na kuacha ng'ombe eneo lote kwa idadi ile ile ya mifugo, na mara nyingi hayakuona tofauti kubwa ya majani. Idadi ilikuwa na nguvu kuliko mpangilio.

Mbona basi nautetea mzunguko? Kwa sababu kwenye maeneo ya mvua kama haya yetu, yenye majani yanayokua haraka, unakuwezesha kuyala yakiwa na umri mzuri badala ya kuyaacha yawe magumu kama mabua. Unajua umebakiwa na chakula cha siku ngapi. Unawaona ng'ombe wako kwa karibu kila unapowahamisha. Na unaweza kukipa kitalu kilichochoka mapumziko marefu bila kufunga shamba zima. Faida hizo ni za kweli, ila kwa mwenye ng'ombe kumi kwenye majani ya watano hazitamwokoa.

## Hesabu: vitalu, siku na ukubwa

Nahitaji vitalu vingapi?

Chukua siku za mapumziko, gawa kwa siku ambazo ng'ombe watakaa kwenye kitalu kimoja, kisha ongeza kimoja (kile ambacho ng'ombe wamo). Ukitaka majani yapumzike siku 28 na ng'ombe wakae siku 2: 28 kugawa kwa 2 ni 14, ongeza 1, vitalu 15. Ukitaka mapumziko ya siku 30 na kukaa siku 3, vitalu ni 11.

Usiogope namba. Si lazima vitalu 15 viwe na uzio wa kudumu. Mimi nilianza na vinne vya kudumu, kila kimoja nikakigawa ndani kwa kamba ya kuhamishika. Vitalu vinne peke yake, visivyogawanywa, havitoshi: ng'ombe wakikaa siku saba kwenye kila kimoja, mapumziko ni siku 21 tu, na siku ya tano wameshaanza kung'ata machipukizi.

Siku za mapumziko ni ngapi?

Zinabadilika na mvua, na hili ndilo jambo la kulielewa kuliko yote. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati vuli imekolea, siku 21 hadi 28 zinatosha kwa nyasi nyingi. Mvua za mchoo zikinyesha vizuri katikati ya mwaka, unaweza kwenda na siku 35 hadi 40. Januari na Februari, kaskazi inavuma na jua linawaka, usirudi kabla ya siku 60, na mwaka mbaya hata hizo hazitoshi.

Kalenda ikuongoze, lakini urefu wa majani ndio uamue. Majani yakikua haraka, hamisha haraka na ruka vitalu vilivyozidi ukavikate kwa ajili ya hei (majani yaliyokaushwa ya akiba). Yakikua polepole, punguza mwendo. Wengi hufanya kinyume: majani yakipungua wanakimbiza ng'ombe kitalu hadi kitalu wakitafuta kijani, na kwa kufanya hivyo wanafupisha mapumziko wakati ule ule ambapo majani yanahitaji mapumziko marefu zaidi.

Kitalu kiwe na ukubwa gani?

Hapa inabidi upime. Tengeneza fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja. Itupe sehemu tano au sita za kitalu bila kuchagua palipostawi, kata majani yaliyomo ndani ukiacha kile kimo unachotaka kibaki (angalia jibu la urefu wa kuingiza na kutoa), pima kwa mizani, kisha tafuta wastani.

Tuseme umepata gramu 800 za majani mabichi kwa mita moja ya mraba. Si yote yataliwa. Mengine yatakanyagwa, mengine yatachafuliwa na kinyesi, kwa hiyo hesabu asilimia 70, yaani gramu 560. Sasa ng'ombe: kwa siku anakula chakula kikavu (uzito wa chakula ukitoa maji yake) kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake. Chotara wa kilo 350 anahitaji karibu kilo 10 za chakula kikavu. Kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa takriban robo tatu, hizo ni kama kilo 40 mbichi. Ng'ombe watano ni kilo 200 kwa siku. Kilo 200 gawa kwa 0.56 unapata mita za mraba 357 kwa siku. Kwa siku mbili ni 714, uwanja wa takriban mita 27 kwa 27. Vitalu 15 vya ukubwa huo ni ekari mbili na nusu na ushee.

Tafadhali usiishie kwenye namba hiyo. Gramu 800 ni malisho yaliyopandwa, yamewekwa samadi, na mvua ipo. Nyasi za asili kwenye kichanga cha Pangani hazikupi hivyo, na hata malisho bora hayakupi hivyo Februari. Kwa ng'ombe watano ningetafuta ekari tano: nusu ya kuzungushia, nusu ya kukata na kuhifadhi. Kwa ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 mahitaji ni madogo, karibu kilo 28 mbichi.

Niwaingize majani yakiwa na urefu gani, na niwatoe yakibaki mangapi?

Inategemea nyasi. Kwa ginea ndefu, ingiza ikiwa sentimita 70 hadi 90, toa ikibaki 30 hadi 40. Brakiaria ingiza ikiwa 25 hadi 35, toa ikibaki kama 15. Ukoka ingiza ukiwa 15 hadi 20, toa ukibaki 5. Rodesi ifuate vipimo vya brakiaria, ila iwahi kabla haijatoa maua mengi.

Ukichelewa kuingiza, majani yanakomaa, protini inashuka, na ng'ombe wanachagua ncha na kuacha mashina. Ukichelewa kuwatoa unakula mtaji. Dumu la maziwa litakuambia kabla ya macho yako: maziwa ya asubuhi yakipungua siku ya mwisho ya kitalu, umewabakisha nusu siku zaidi ya ilivyotakiwa.

Niwahamishe saa ngapi?

Jioni, baada ya kukamua. Majani yaliyoshinda juani yana sukari nyingi kuliko ya alfajiri, na usiku wa pwani ni mpoa kidogo kwa hiyo chotara analisha kwa raha. Kama wizi unakuzuia kuwaacha nje usiku, wahamishe saa tisa alasiri walishe mpaka magharibi, kisha uwatoe tena alfajiri na mapema.

## Uzio, maji na kivuli

Sina pesa ya seng'enge. Nifanyeje?

Anza na uzio hai. Glirisidia hushika kwa kuchomeka vipande vya matawi mwanzoni mwa mvua, hukua haraka, na majani yake ni chakula cha protini. Ng'ombe huyakataa mwanzoni kwa harufu. Yaache yanyauke kwa saa kadhaa, watazoea. Minyaa nayo huziba vizuri, ila utomvu wake unaunguza macho, kwa hiyo anayepogoa ajikinge. Milingoti ya mkonge, ambayo kwetu haina shida kupatikana, inafaa kwa fito za katikati kwa muda, lakini chini huoza na mchwa hupenda. Usitegemee kuwa nguzo ya kona.

Uzio wa umeme wa sola ndio rahisi kuhamisha. Waya mmoja au miwili inatosha kwa ng'ombe waliozoeshwa. Unahitaji walau volti 3,000 kwenye waya, na ukipata 5,000 ni bora. Uzio ukikosa nguvu, mara nyingi tatizo ni nondo za kuzamishwa ardhini: ni chache, au udongo umekauka. Zamisha nondo tatu mahali penye unyevu, na kata majani yanayogusa waya. Kamwe usiunganishe uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Huo unaua watu. Tumia mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Bila uzio kabisa inawezekana?

Inawezekana kama una mchungaji makini. Mipaka iwe ni njia, mti, korongo, au mistari ya mawe yaliyopakwa chokaa. Mchungaji apewe ramani ya siku: leo hapa, kesho pale. Ugumu ni kwamba mchungaji huhukumiwa na tajiri wake kwa tumbo la ng'ombe la jioni, kwa hiyo atafuata kijani popote kilipo. Mweleze sababu ya kupumzisha, umshirikishe kwenye kupima majani. Wapo vijana wa kazi wanaojua shamba kuliko mwenye shamba.

Maji niyaweke wapi?

Vizuri zaidi ndani ya kila kitalu, kwa bomba na karai linalohamishika. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto letu hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, na akilazimika kutembea mbali hunywa mara chache na maziwa yanashuka. Ikishindikana, tengeneza njia moja ya katikati inayofungukia vitalu vyote na kufika kwenye birika moja. Njia hiyo itageuka matope masika, kwa hiyo ijaze kokoto au changarawe mapema.

Na kivuli?

Kwa chotara wa pwani kivuli si anasa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana mwenye damu nyingi ya kizungu huacha kula na kuhema. Acha miti kwenye vitalu, lakini iwe imetawanyika. Mti mmoja mkubwa hukusanya kinyesi chote na kuua majani chini yake.

## Majani yenyewe

Nipande nyasi gani?

Kwa mvua zetu, ginea ndiyo chaguo la kwanza. Nyingi zinaota zenyewe kandokando ya barabara za Muheza, ni kuzing'oa na kupandikiza. Brakiaria inavumilia kukanyagwa na inafunika udongo vizuri. Rodesi ni nzuri kwa hei. Kwenye ukavu wa Handeni, senkrasi inavumilia zaidi. Changanya na mikunde inayotambaa kama sentrosema. Kwa mbegu na ushauri, kituo cha Tanga cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) na chuo cha mifugo cha Buhuri viko karibu nasi. Waulize kabla hujanunua mbegu ya mtandaoni usiyojua umri wake.

Nimepanda. Niingize ng'ombe lini?

Shika konzi ya majani, vuta kama ng'ombe anavyovuta. Yakikatika, mizizi imeshika. Yakitoka na mizizi, bado. Kwa ginea iliyopandikizwa mwanzo wa masika, kwa kawaida ni baada ya miezi mitatu hadi minne. Mara ya kwanza walishe juu juu, muda mfupi.

Niweke mbolea ya dukani?

Samadi kwanza. Ng'ombe walioko kitaluni wanairudisha wenyewe, ila ile ya banda la usiku ipelekwe kwenye vitalu vilivyo dhaifu zaidi. Ukiongeza urea, weka kiasi cha kilo 25 kwa ekari mara ng'ombe wanapotoka na mvua ipo, na usiwarudishe kabla ya wiki tatu. Magunia ya urea yafungiwe mbali. Ng'ombe huilamba kama chumvi na inamuua ndani ya saa chache.

Magugu na vichaka vinazidi. Mzunguko utaviondoa?

Utavipunguza, hautaviondoa. Majani yenye nguvu huziba nafasi, lakini kichaka kilichokwisha kushika mizizi kinataka jembe au panga. Kata kabla hakijatoa mbegu. Lantana ing'olewe kabisa, maana ng'ombe mwenye njaa akiila huumia ini na ngozi yake huungua juani.

Tunao mfano wa kuufikiria hapa hapa mkoani. Ranchi ya Mkwaja, Pangani, iliyokuwa ya kampuni ya mkonge, ilifuga maelfu ya ng'ombe tangu miaka ya 1950 hadi ilipofungwa mwaka 2000. Leo eneo lake liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Vichaka na migunga vilivamia malisho, hasa karibu na maboma ambako ng'ombe walilala na kukanyaga mwaka hadi mwaka, na ndorobo (mbung'o) nao hawakukoma. Kila nikipita upande ule huwa nawaza kuhusu mahali ninapolaza ng'ombe wangu. Boma la usiku nalo lipewe mapumziko, lihame kila inapowezekana.

## Kiangazi

Majani yameisha na zamu haijafika. Nifanye nini?

Usizungushe. Chagua kitalu kimoja, kilicho duni kuliko vyote, ukigeuze kuwa uwanja wa kulishia. Wafungie humo, wape hei, mabua ya mahindi, glirisidia na mabingobingo, na mashudu kwa wanaokamuliwa. Vitalu vingine vifungwe mpaka mvua inyeshe na majani yafike urefu wake. Kitalu hicho kimoja kitaharibika, utakipanda upya. Afadhali kimoja kuliko vyote kumi na vitano.

Mvua za kwanza za vuli ndizo za hatari zaidi. Shamba linakuwa kijani ndani ya wiki na kila mtu anafungua geti. Vumilia wiki tatu au nne. Machipukizi yale yanatumia akiba ya mwisho ya mizizi.

Niweke hei kiasi gani?

Ng'ombe mmoja wa maziwa hula karibu kilo 10 za hei kwa siku ikiwa ndiyo chakula pekee. Siku 60 ni kilo 600, yaani marobota 30 hadi 40 ya kilo 15 hadi 20 yanayofungwa kwa kasha la mbao. Kata majani yanapoanza kutoa maua, mwisho wa Mei au Juni jua likirudi. Katikati ya masika hayatakauka, yataota ukungu.

## Afya

Mzunguko unaua kupe?

Hapana. Kupe wa masikio wa kahawia, anayeleta ndigana kali, akishakomaa anaweza kusubiri kwenye majani zaidi ya mwaka bila kula. Siku 30 za mapumziko kwake si kitu. Endelea kuogesha kwa ratiba aliyokupa mtaalamu wa mifugo, na ulizia chanjo ya ndigana kali kwa ndama. Kitu mzunguko unachosaidia ni kwamba ng'ombe wako hawachangamani na wa wengine, na unawakagua masikio kila wanapohama.

Na minyoo?

Hapa unasaidia zaidi. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa, na kwa joto na unyevu wetu viluwiluwi huwa tayari kuambukiza ndani ya takriban wiki moja. Hukaa sehemu ya chini ya majani. Kwa hiyo kukaa siku chache, kutokula hadi ardhini na kutorudi haraka vyote vinapunguza maambukizi, ingawa havifuti dawa. Ndama ndio wanaoumia; watangulie kitaluni siku moja kabla ya wakubwa, wapate ncha safi.

Kuna majani ya kuogopa?

Mtama unaochipua tena baada ya kuvunwa, ungali mfupi au umenyauka kwa jua, una sumu inayoua haraka. Usiwaingize kabla haujavuka sentimita 60. Lukina ni nzuri, ila isizidi theluthi moja ya mlo. Ikizidi, ng'ombe hunyonyoka nywele. Na unapowahamishia kwenye kitalu chenye mikunde mingi, wasiingie na njaa kali. Wape majani makavu kwanza, wasije wakajaa gesi tumboni.

## Hali za pekee

Nina ng'ombe mmoja na kamba tu.

Una mzunguko kamili mkononi. Kamba ya mita sita inampa duara la mita za mraba 113 hivi. Kwa majani ya gramu 560 zinazolika (angalia jibu la ukubwa wa kitalu) hiyo ni kilo 63, zaidi ya mlo wa siku. Hamisha kigingi kila siku, weka alama mahali ulipoanzia, usirudi kabla ya mwezi. Mpelekee maji, na asifungwe juani mchana.

Naweza kulisha chini ya minazi, mikorosho au michungwa?

Minazi ndiyo mizuri zaidi, kwa sababu mwanga unapita. Subiri makuti yapande juu ya kimo cha ng'ombe. Tahadhari na nazi kuangukia wanyama: usiwalaze hapo. Kwenye michungwa ya Muheza, ng'ombe atakula matawi ya chini, na kama umepuliza dawa, heshimu siku zilizoandikwa kwenye kopo. Chini ya mikorosho iliyoshikana majani huwa machache; palizi ya ng'ombe inafaa, mlo wa kutegemea haupo.

Udongo wetu ni mfinyanzi mweusi, masika unazama hadi kwato.

Weka kando kitalu au viwili vilivyo juu kwa ajili ya wiki za mvua kubwa. Siku udongo unapotota, walishe saa mbili tatu kisha watoe, uwamalizie bandani. Nyayo zilizokauka za mwezi wa nne utaziona bado Septemba, na majani hayaoti ndani yake.

Malisho yetu ni ya kijiji, si yangu peke yangu.

Hili ni gumu kuliko yote, na si jipya. Wamasai wana alalili, eneo linalofungwa msimu wa mvua ili lifunguliwe kwa ndama na wagonjwa wakati wa kiangazi. Wasukuma wana ngitili. Wote walijua kupumzisha kabla ya seng'enge. Anzeni na eneo moja dogo mkubaliane kulifunga, tarehe ya kufungua ijulikane, na mkubaliane nani atalilinda na adhabu ni nini. Halafu liingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kupitia serikali ya kijiji na mkutano mkuu. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 ipo kwa ajili hiyo. Wakulima wawe kikaoni tangu siku ya kwanza, kwa sababu njia ya ng'ombe kwenda majini mara nyingi inapita kwenye mahindi yao.

Mbuzi wanaweza kuzungushwa pamoja na ng'ombe?

Ndiyo, na wanafaa kwa vichaka, maana wanapenda majani ya miti kuliko nyasi. Ila uzio wa waya mmoja hawautambui. Waingize baada ya ng'ombe kutoka, siku moja tu, kisha kitalu kianze kuhesabiwa mapumziko siku mbuzi wa mwisho alipotoka.